Kutwa Mara Tatu: Dawa na Damu ya Watu wa Pwani Mbili

Ndugu wasomaji, wengi wenu mnaijua Qantab, au mmeisikia kwa jamaa zenu walioko Maskati. Ni kijiji cha wavuvi kilichojificha katika ghuba ndogo, kusini-mashariki ya mji mkongwe. Barabara inayokwenda huko hupanda ile milima mikavu isiyo na jani, kisha huteremka kwa kujipinda mpaka mchangani. Kabla ya barabara hiyo watu waliingia kwa mashua au kwa miguu. Sisi tuliorudi Oman kutoka Unguja, Pemba, Tanga na Mombasa baada ya 1970 tuliipenda Qantab upesi sana. Mashua zilizolala mchangani, nyavu zikianikwa, watoto wakichezea maji na wazee wakipaza sauti kutoka kivulini: vyote hivyo vilikuwa vya kwetu, ingawa minazi haikuwepo.

Ijumaa moja ya 1984 tulikuwa huko, familia nzima, na masufuria ya pilau. Ami yetu mdogo, aliyefika Oman mwaka uliotangulia, alikuwa ametoka kuugua homa ya malaria. Zahanati moja, ambayo hatutaitaja, ilimpa dawa ya kuteremsha homa, kisha ikampa vidonge vingine vya kumeza siku kumi na nne, ili malaria iliyojificha ndani ya ini isije ikarudi. Siku ile ilikuwa ya nne. Mchana akaenda nyuma ya majabali kujisaidia, akarudi kimya. Tulipomuuliza ana nini, alisema mkojo wake umekuwa kama kahawa.

Shangazi yetu, aliyesomea uuguzi Unguja kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964, aliacha kukata kachumbari. Alimvuta kope la chini akamtazama ndani ya jicho, akamgeuza viganja, kisha akasema: "Haya, twende." Pilau ilibaki pale pale. Tulipanda mlima kwa mwendo ambao hatutausahau, na Ami kiti cha mbele, uso wake umekuwa wa rangi ya ndimu iliyoiva.

Hospitali ilimwongeza damu na kumwachisha vile vidonge, naye alipona. Daktari wa zamu alituuliza swali moja ambalo hakuna aliyepata kutuuliza kabla: je, katika familia yenu kuna upungufu wa G6PD? Hatukuwa na jibu. Hata hizo herufi tulikuwa hatujapata kuzisikia.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukilifuatilia swali lile, na katika kulifuatilia tumejikuta tunaisoma historia yetu wenyewe: ya bahari, ya malaria, na ya ile kazi ngumu kuliko inavyoonekana, yaani kumpa mgonjwa dawa.

Kwanza tuseme kwamba elimu hii si ngeni kwetu. Ibn Sina, aliyefariki 1037, alitenga kitabu cha pili cha Qanuni yake kwa ajili ya dawa moja moja, na cha tano kwa ajili ya dawa za kuchanganywa, na akaweka masharti ya kuijaribu dawa kabla ya kuiamini. Hapa Oman penyewe, mji wa Rustaq ulimtoa tabibu Rashid bin Umayra, aliyeandika vitabu vya utabibu katika karne ya 16. Katika karne hiyo hiyo, huko Ulaya, Paracelsus aliandika mwaka 1538 kwamba kila kitu ni sumu, na kwamba kipimo peke yake ndicho kinachokifanya kitu kisiwe sumu. Bibi zetu hawakumsoma Paracelsus, lakini walipopima habasoda kwa ncha za vidole badala ya kiganja, walikuwa wakiitumia kanuni ile ile.

Kule Unguja, kila aliyepita Forodhani akielekea Malindi analijua lile jengo la ghorofa lenye roshani za mbao zilizochongwa. Tajiri Tharia Topan aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1887, kwa kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria, na lilimalizika 1894, baada ya yeye kufariki. Baadaye chini yake kukawa na zahanati na duka la dawa, ndiyo maana mpaka leo linaitwa Zahanati ya Zamani. Wazee wetu waliozaliwa mjini wanakumbuka chupa ya mikscha ambayo ilikuwa lazima uitikise kabla ya kunywa, na kwinini, ambayo uchungu wake uliingia hata katika misemo. Kwinini yenyewe ilitolewa katika magome ya mti wa Amerika ya Kusini na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, mwaka 1820. Kabla ya hapo watu walisaga magome, na hakuna aliyejua gome hili lina nguvu kiasi gani kuliko lile. Baada ya hapo dawa iliweza kupimwa kwa mizani. Kupimika huko ndiko kulikozaa elimu ya dawa ya leo.

Upande wa Oman mambo yalikuwa magumu zaidi. Kabla ya 1970 mgonjwa wa vijiji vya pwani kama Qantab, akizidiwa, alitiwa katika mashua akapelekwa Matrah, kwenye hospitali ya wamisheni wa Kimarekani. Daktari Wells Thoms alifanya kazi hapo kuanzia 1939 kwa miaka thelathini hivi. Baba yake, Sharon Thoms, alikuwa ametibu watu Maskati kabla yake, akafariki hapo hapo mwaka 1913. Sultan Qaboos aliposhika utawala Julai 1970, nchi ilikuwa na upungufu wa kila kitu, kuanzia barabara mpaka vitanda vya wagonjwa, naye aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga. Katika waliorudi walikuwemo wauguzi, madaktari, wafamasia na wapima damu waliosomea Afrika Mashariki, Misri, Urusi na Uingereza. Katika wodi za miaka ya 1970 na 1980 Kiswahili kilisikika sana, na mama mtu mzima aliyetoka Zanzibar hakuhitaji mkalimani ili aeleze wapi panamuuma.

Shangazi alikuwa mmoja wa hao. Alikuwa na desturi ya kuhesabu kwa vidole kila anapotaka kumpa mtu dawa, hata nyumbani, hata kidonge cha kichwa. Kidole gumba: mgonjwa ndiye? Cha shahada: dawa ndiyo? Cha kati: kipimo ndicho? Cha pete: njia ndiyo? Cha mwisho: wakati ndio? Haya ndiyo mambo matano wanayofundishwa wauguzi duniani kote, na kwa Kiswahili yanakaa ulimini kuliko lugha yoyote tunayoijua, kwa sababu kila swali lina tamko lake. Ukilikosea tamko, sikio linakataa. Tuliyasikia mara nyingi mno utotoni hata tukawa tunamwigiza, naye akitutazama kwa jicho la pembeni.

Kwa nini matano yote? Tufuate safari ya kidonge. Ukikimeza kinayeyuka tumboni na kuingia katika utumbo, kutoka hapo kinachukuliwa na mishipa mpaka kwenye ini. Ini ni kama forodha: sehemu ya dawa huvunjwavunjwa hapo hata kabla haijaenea mwilini. Kilichobaki husambaa na damu kila mahali, pale panapotakiwa na pale pasipotakiwa. Kisha ini linaendelea kuvunja, na figo zinatoa. Ndiyo maana njia ni muhimu: dawa ile ile ikipigwa sindano mshipani haipiti forodha, kwa hivyo kipimo cha kinywani hakiwi kipimo cha sindano. Na ndiyo maana mzee ambaye figo zake zimechoka, au mtoto ambaye ini lake halijakomaa, hawezi kupewa kile alichopewa jirani. Kila dawa pia ina muda wake wa kupungua nusu mwilini. Parasetamoli hupungua nusu kwa saa mbili au tatu tu. Klorokwini, tuliyoimeza sana utotoni na ikatuwasha mwili mzima mpaka tukajikuna kwa vitana, hubaki mwilini kwa wiki nyingi.

Hapo ndipo linapokuja suala la wakati, na hapo lugha yetu, pamoja na uzuri wake, imetuponza mara nyingi. Kwenye bahasha za zahanati za kwetu huandikwa 1x3, na anayetoa dawa husema: "Kidonge kimoja kutwa mara tatu." Sasa kutwa kwetu ni nini? Ni tangu asubuhi mpaka jua kuchwa. Kuna wazee waliolifuata neno kama lilivyo: kidonge asubuhi, kidonge adhuhuri, kidonge magharibi, basi. Kisha usiku mzima wa saa kumi na mbili vijidudu vinapumzika bila kusumbuliwa. Alichokusudia daktari ni kila baada ya saa nane, usiku na mchana.

La pili ni saa yenyewe. Sisi tunahesabu kuanzia macheo, na saa mbili yetu ya asubuhi ni saa nane ya wenzetu. Bibi yetu alipokuwa London kwa matibabu ya shinikizo la damu, kijikaratasi cha chupa kiliandikwa tarakimu 8. Kwa muda wa wiki mbili akameza kidonge chake saa nane ya Kiswahili, yaani baada ya chakula cha mchana, na nesi aliyekuja kumpima asubuhi akawa anashangaa kwa nini kipimo hakitulii. Hakuna aliyekosea kusoma. Nambari ilikuwa moja, na saa zilikuwa mbili. Tumekuja kusikia kisa kama hiki katika nyumba nyingi za jamaa zetu walioko Ulaya, Canada na Ghuba, na ni lazima tukiseme wazi, maana hakuna daktari wa Kizungu atakayekifikiria.

Jambo hili lilizidi uzito malaria ilipobadilishiwa dawa. Usugu wa vimelea dhidi ya klorokwini ulianza kuonekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara iliiacha klorokwini mwaka 2001 ikachukua dawa ya SP, kisha mwishoni mwa 2006 ikaingia katika dawa mseto. Dawa mseto ina dozi sita kwa siku tatu: ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza, na zilizobaki kila baada ya saa kumi na mbili, na inapokelewa vizuri na mwili ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Sikiliza, ndugu msomaji: "baada ya saa nane" na "saa nane" ni vitu viwili mbalimbali kabisa, na kinachovitenga ni neno moja ambalo mgonjwa mwenye homa anaweza kulikosa. Aliyeanza dawa saa tatu asubuhi anatakiwa arudie saa kumi na moja jioni. Akisikia "saa nane" ataimeza saa tano tu baada ya ile ya kwanza.

Sasa turudi kwa Ami. Shangazi aliyapitia yale matano hospitalini, akiwa amekaa kwenye benchi la nje. Mgonjwa ndiye. Dawa ndiyo iliyoandikwa. Kipimo ndicho, miligramu 15 kwa siku. Njia ndiyo. Wakati ndio. Yote yalikuwa sawa, na mtu alikuwa ndani anaongezwa damu.

Dawa ile ilikuwa primakwini, na kisa chake ni kirefu. Mwaka 1926 Wajerumani walitoa dawa iliyoitwa pamakwini, ya jamii hiyo hiyo. Haikuchukua muda madaktari wakaona baadhi ya wagonjwa wanaishiwa damu na mkojo wao unakuwa mweusi, bila kujua kwa nini hawa na si wale. Katika Vita Vikuu vya Pili Wamarekani walitafuta dawa bora, na majaribio mengi yalifanywa kwa wafungwa wa gereza la Stateville, katika jimbo la Illinois. Walijitolea, ndivyo ilivyoandikwa, lakini mfungwa anajitolea kwa uhuru gani? Suala hilo limejadiliwa mpaka leo. Primakwini ilitumiwa kwa askari waliorudi kutoka vita vya Korea, na hapo gerezani watafiti waliokuwa chini ya Alf Alving waliona kwamba waliokuwa wakipungukiwa damu walikuwa zaidi ni wafungwa wenye asili ya Afrika. Mwaka 1956 Paul Carson na wenzake walitangaza sababu: chembe nyekundu za damu za watu hao zina upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD.

Kazi ya kimeng'enya hicho tunaweza kuieleza kwa mfano wa hapo hapo Qantab. Nanga ya chuma ikikaa katika hewa ya bahari hushika kutu, na mvuvi huipaka mafuta ili isiliwe. Chembe nyekundu ya damu imejaa chuma na inabeba hewa usiku na mchana, kwa hivyo nayo imo hatarini kuliwa. G6PD ndiyo inayoiwezesha kupata mafuta yake. Mtu mwenye upungufu anaishi salama miaka na miaka, kwa sababu mafuta machache aliyonayo yanamtosha. Lakini ikija dawa inayoongeza ule mlo wa kutu, chembe zinapasuka kwa maelfu, rangi yake nyekundu inamwagika katika mkojo, na ngozi na macho yanakuwa manjano. Ndivyo alivyokuwa Ami.

Kwa nini yeye? Kwa sababu ya malaria yenyewe. Upungufu huu umeenea pale ambapo malaria ilikaa kwa maelfu ya miaka: Afrika, nchi za Bahari ya Mediterania, Bara Arabu, Bara Hindi. Wataalamu wanaona kwamba unawapa wenye nao kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana haukupotea. Mababu zetu waliponea kwa kitu hicho hicho kilichotaka kumuua Ami. Hurithiwa kupitia kwa mama: mwanamke aliyebeba nakala moja mara nyingi haonekani na lolote, lakini kila mtoto wake wa kiume ana nusu ya uwezekano wa kuupata. Utafiti wa taifa uliofanywa Oman mwaka 1995 kwa watoto wa chini ya miaka mitano ulikuta upungufu huu kwa asilimia 25 ya wavulana na asilimia 10 ya wasichana. Mvulana mmoja katika kila wanne! Ukienda mchangani Qantab Ijumaa ukakuta watoto wa kiume wanane wanacheza mpira, hesabu mwenyewe.

Na walipoichunguza aina yake, walikuta kwamba iliyoenea zaidi Oman ni ile ya Mediterania, ambayo ni kali, lakini aina ya Afrika nayo imo. Hapa damu inaandika kile ambacho vitabu vingine vimekipitia haraka. Aina ya Afrika haikuja Oman kwa upepo. Ilikuja kwa majahazi: kwa ndoa, kwa biashara, na kwa watumwa waliochukuliwa kwa nguvu kutoka mrima na bara, wakazaa, na wajukuu wao leo ni Waomani. Sisi tulio na jamaa pwani zote mbili tusione tabu kulisema hilo. Mtu anaweza kuchagua nasaba ya kuisoma mbele za watu. Chembe ya damu haichagui.

Pengine mtasema hayo ni ya zamani. Basi sikilizeni la karibu. Miaka ya 1990 klorokwini ilipokuwa inashindwa, watafiti waliijaribu Kilifi, Kenya, na baadaye Muheza, Tanzania, dawa ya bei nafuu iliyochanganya klorproguanil na dapsoni. Ilipona watoto wengi, na mwaka 2003 ikaidhinishwa Uingereza kwa jina la Lapdap, kwa ajili ya kutumika Afrika. Nia ilikuwa njema, na hitaji lilikuwa kubwa. Lakini dapsoni ni katika zile dawa zinazokula chembe zenye upungufu wa G6PD, na katika zahanati za vijijini hakukuwa na kipimo. Majaribio makubwa yaliyofuata yalionyesha jinsi watoto wenye upungufu walivyokuwa wakipungukiwa damu, na mwaka 2008 dawa hiyo ikaondolewa sokoni. Tunaikumbusha habari hii bila kumlaani mtu. Dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa Afrika iliangushwa na jambo lililojulikana tangu 1956, nalo ni jambo la damu ya Waafrika wenyewe.

Wala tusitoke hapa tukisema primakwini ni sumu, maana tutakuwa tumemsahau Paracelsus. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishauri dozi moja ndogo, robo ya miligramu kwa kila kilo ya mgonjwa, itolewe kuzuia malaria isipande kwa mbu, na kwa kipimo hicho haikulazimu kupima G6PD kwanza. Dawa ile ile, dozi ndogo moja badala ya kumi na nne, na hatari imepungua mno. Kwa tiba ndefu kama ya Ami, kupima damu ndiyo njia, na siku hizi kuna vipimo vya haraka vinavyotoa jibu hapo hapo. Oman nayo, iliyokuwa na wagonjwa wa malaria zaidi ya 30,000 mwaka 1990, ilianza kampeni kubwa mwaka 1991, na kufikia 2004 maambukizi ya ndani yalikatika, ingawa milipuko midogo ilitokea baadaye kutokana na malaria inayoletwa na wasafiri. Na wasafiri hao, tusijifiche, ni pamoja na sisi tunaokwenda Unguja na Dar es Salaam kila likizo na kurudi na homa mifukoni.

Kuna jambo moja la nyumbani ambalo ni zito kulisimulia. Miaka ya 2000 Shangazi alitusomea, mbele ya Bibi, makala ya madaktari wa Ghuba waliotibu watoto wachanga waliopakwa hina mwilini kisha wakawa manjano na kuishiwa damu. Wenye upungufu wa G6PD ndio walioumia, maana rangi ya hina hupenya ngozi laini ya mtoto. Bibi alikaa kimya. Kisha akatuambia kwamba kabla ya Ami alimzaa mtoto mwingine wa kiume, Chake Chake, na siku ya arobaini walimpaka hina miguuni na tumboni kama ilivyokuwa ada, na baada ya siku tatu akawa manjano, na hakukaa. Watu walisema ni kijicho. Hakuna leo anayeweza kuthibitisha kilichomuua mtoto yule. Lakini tuliuona uso wa Bibi alipokuwa anahesabu, na Shangazi akamshika mkono akamwambia: "Mama, hukujua. Hakuna aliyejua." Na kweli hakuna aliyejua: upungufu wenyewe ulikuwa bado haujagunduliwa.

Tokea hapo Shangazi aliongeza swali la sita, na akalihesabu kwa kidole gumba cha mkono wa pili: na damu yake je?

Basi tunawaomba wasomaji wetu, popote mlipo, mfanye haya machache. Kama mna asili ya pwani, ya Oman au ya kote kuwili, mwombeni daktari awapime G6PD, hasa watoto wa kiume, na jibu liandikwe. Mwenye upungufu amwambie kila daktari na kila mfamasia kabla ya kupokea dawa, na hasa zikitajwa primakwini, dapsoni, nitrofurantoini na baadhi ya dawa za salfa. Hina isipakwe kwa mtoto mchanga, na nguo zake zisihifadhiwe na vile vidonge vyeupe vya naftalini vya kufukuzia nondo kabatini, kwani navyo vimo. Ful, ambazo tumezizoea hapa kwa chakula cha asubuhi, huwaletea baadhi ya wenye upungufu balaa hiyo hiyo. Mkojo ukiwa mweusi na macho yakawa manjano, usingoje kesho.

Kwa dawa za kila siku, mwulizeni anayewapa dawa awaambie "kila baada ya saa ngapi", wala msiridhike na kutwa mara ngapi. Wazee waandikieni saa kwa maneno, asubuhi, jioni, wakati wa kulala, wala msiwaachie nambari peke yake. Dawa ya maji ya mtoto pimeni kwa kipimo kilichokuja na chupa, kwani vijiko vya nyumbani havilingani, na someni nguvu iliyoandikwa, kwa sababu chupa mbili za parasetamoli zinaweza kufanana na moja ikawa na nguvu mara mbili ya nyingine. Mtu mzima asizidishe gramu nne za parasetamoli kwa siku, na akumbuke kwamba dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani yake. Wala mtu asiache dawa aliyoandikiwa kwa sababu ya makala hii. Amwulize daktari wake kwanza.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2017 mwito wa dawa zisizodhuru, likitaka madhara makubwa yanayotokana na makosa ya dawa yapunguzwe kwa nusu katika miaka mitano. Ni mwito mzuri, na hospitali zina sehemu yao. Sehemu yetu inaanzia katika mkoba wa Bibi na katika kabati la jikoni.

Tulirudi Qantab majira ya baridi yaliyopita. Ami sasa ni mzee mwenye wajukuu, na bado anapenda kukaa karibu na majabali yale yale. Katika pochi yake ana kadi iliyochakaa, imeandikwa kwa Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili: ana upungufu wa G6PD, asipewe dawa hizi na hizi. Mjukuu wake wa kiume wa miaka saba anayo yake, imefungwa katika plastiki, na alituonyesha kwa fahari kama mtu anayeonyesha pasipoti.

Wenye kumbukumbu za wazazi wao waliofanya kazi za uuguzi na za kutoa dawa, Unguja, Pemba, Mombasa au hapa Oman, tunawaomba watuandikie. Walikuwa wengi, na wanapungua.